Majina ambayo ramani haina

Mi ni mtu wa Tanga ila huu ni mwaka wa tisa niko Uskoti, kwenye parokia moja ya kondoo na mashamba huku Perthshire, pale tambarare inapoishia na milima ya Highlands inapoanza. Jina la parokia siliandiki, watu ni wachache na wote wanajuana, nikisema tu ile nyumba ya mlango wa bluu juu ya daraja nimeshamtaja mtu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, asubuhi namuamsha huyu, namuogesha yule, napika uji, nahakikisha dawa zimemezwa, naingia kwenye gari naenda kwa mwingine. Na kazi hiyo ndio iliyonifanya nianze kuandika majina ya mahali, sio kwamba nilikuwa na mpango wowote.

Ilianza na postikodi. Mjini postikodi moja ni nyumba chache za mtaa mmoja, unaweka kwenye simu unafika. Huku shamba postikodi moja inaweza kubeba mashamba matatu manne na barabara ndefu inayopinda pinda, simu inakupeleka mpaka kwenye geti la chuma katikati ya kondoo alafu inakwambia umefika. Wiki yangu ya kwanza ilinitokea hivo, mvua inanyesha, nikampigia yule mzee niliyekuwa naenda kwake, akaniambia kwa upole kabisa, "Rudi nyuma mpaka smiddy binti, panda loan, ukifika curling pond shika kushoto."

Niliangalia kote, hakuna smiddy wala pond. Nilikuja kuelewa baadae kwamba smiddy ni karakana ya mhunzi, na hiyo ilifungwa kabla mi sijazaliwa, sasa hivi ni nyumba ya kawaida ina maua dirishani. Loan ni njia ya kupitishia ng'ombe katikati ya mashamba. Curling pond ni bwawa la kina kifupi ambalo zamani likishaganda watu wa parokia walikuwa wanateleza mawe mazito ya mviringo juu ya barafu wanashindana, siku hizi baridi ya kugandisha maji kiasi hicho haiji kila mwaka, limebaki majani na matete. Kwa hiyo alinielekeza kwa vitu vitatu na vyote vitatu havipo, ila kwake yeye vipo kabisa, na kwa kila mtu wa umri wake vipo. Kwetu pia ni hivo hivo, watu wanapanda daladala za Kariakoo kila siku na wale Carrier Corps, wabeba mizigo wa vita ya kwanza ya dunia ambao kambi yao ndio imezaa hilo jina, hawapo tangu zaidi ya miaka mia iliyopita.

Nikanunua daftari dogo nikaliweka kwenye gari. Kila nikielekezwa naandika. Mwanzoni lilikuwa daftari la kunifikisha kazini basi.

Kilichobadilisha ni asubuhi moja ya Februari nilimkuta bibi mmoja ameanguka jikoni kwake, yuko chini tangu usiku, mwili wa baridi. Nikapiga simu ya dharura, wakataka postikodi, nikawapa, nikawapa na jina la nyumba, na gari la wagonjwa likaenda kwenye shamba lingine la postikodi ile ile upande wa pili wa mto. Wale madereva hawakuwa na kosa, walikwenda walikoelekezwa. Nilichokuwa nao mi ni jina ambalo kila mtu wa pale analijua na halipo kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Bibi alipona, namshukuru Mungu, ila nilikaa kwenye gari baadae mikono inatetemeka nikafungua lile daftari nikaona kwamba hiki sio cha kwangu peke yangu.

Parokia yetu ina kikundi cha historia, watu nane tisa wanakutana kwenye ukumbi wa kijiji, na walikuwa wameshaanza kukusanya majina. Nikawapelekea daftari. Hapo ndio nikaonyeshwa kitu ambacho mpaka leo nikikifungua usiku silali mapema, yale madaftari ya majina ya Ordnance Survey, wapima ramani wa serikali. Ya Perthshire yaliandikwa kati ya 1859 na 1862 na yamewekwa kwenye intaneti, unasoma mwandiko wenyewe wa wino. Wanajeshi wapima ardhi walipita kila parokia, kila jina lina mstari wake, jina litakalowekwa kwenye ramani, alafu namna zingine za kuliandika, alafu waliowathibitishia, alafu lilipo, alafu maelezo mafupi, nyumba ya mawe ya kuezekwa kwa nyasi, kijito kidogo kinachoanzia mahali fulani. Kazi nzito sana na naiheshimu. Lakini angalia ile safu ya waliothibitisha. Mwenye ardhi, mchungaji wa kanisa, mwalimu wa shule, mpangaji wa shamba kubwa. Mara moja moja mchunga kondoo. Mwanamke ni nadra mno. Na wengi wa wale wapimaji hawakujua Kigaeli, lugha ya zamani ya huku milimani, wanasikia kwa sikio la Kiingereza wanaandika walichosikia, na huku wakati ule Kigaeli kilikuwa bado kinaongelewa majumbani.

Kwa hiyo yaliyoingia kwenye ramani ni majina ya milima, mito, mashamba makubwa na nyumba. Yale madogo, jina la shamba moja moja, la kona ya mto wanapovulia samoni, la jiwe la kupumzikia, la mteremko ambao theluji inachelewa kuyeyuka, hayo mengi hayakuandikwa popote. Yalikuwa kwenye midomo ya watu tu.

Basi kikundi kilikuwa na fomu, na swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa, je unajua majina yoyote ya zamani ya mahali katika parokia hii? Nikazunguka nayo siku zangu za mapumziko. Naomba nieleweke hapa, sio wakati wa kazi. Bosi wangu aliniambia mapema kwamba nikiwa kwenye shifti niko pale kwa ajili ya afya ya yule mtu, siwezi kumgeuza kuwa chanzo cha habari, na alikuwa sahihi kabisa. Mtu unayemvalisha soksi hana uhuru wa kukukatalia. Kwa hiyo nilikuwa naomba ruhusa kwake na kwa watoto wake, naenda Alhamisi nikiwa nimevaa nguo zangu za kawaida, na wengine walikataa na nikaacha hapo hapo.

Wale waliokubali, ukiwauliza lile swali la fomu, jibu lilikuwa moja. "Hapana, sijui kitu, ungemuuliza fulani, lakini amekufa." Nyumba ya kwanza hivo, ya pili hivo, ya tano hivo. Nikaanza kuamini kwamba kweli yameisha.

Alafu siku moja niko kwa mama mmoja wa miaka themanini na kitu, ameshaniambia hajui jina hata moja, tunakunywa chai, nikamuuliza tu kwa sababu nataka kujua, mama ulipokuwa mtoto maji mlikuwa mnachota wapi? Akataja kisima kwa jina. Na ng'ombe mlikuwa mnawapeleka wapi baada ya kukamua? Akataja. Na baba akiwa kwenye nyasi mchana mnampelekea chakula wapi? Akataja mashamba manne kwa mpigo, akaeleza lipi linakauka kwanza na lipi trekta lilikuwa linazama. Na kondoo mkiwashusha mlimani mnawakusanyia wapi? Hapo akanyanyuka akasimama dirishani. Ndani ya saa moja nilikuwa na majina kumi na saba kutoka kwa mtu asiyejua jina hata moja.

Hakuwa ananidanganya. Kwake yeye hayo sio majina ya mahali, majina ya mahali ni yale yaliyo kwenye kibao barabarani. Haya ni maneno ya kazi, kama mtu anavyosema mwiko au kinu. Tangu siku hiyo ile fomu nikaibakiza kwenye gari. Nauliza kazi. Mlikuwa mnakata wapi mboji ya kuchoma kama kuni, mnaogeshea wapi kondoo, mkienda shule mlikuwa mnavukia wapi, jeneza lilikuwa linapumzishwa wapi likitoka bonde la juu kwenda makaburini. Na nimeona kwamba pale kazi ilipokufa mapema jina limekufa nalo. Majina ya vibanda vya malishoni, kule juu ambako zamani wanawake na watoto walikuwa wanahamia na ng'ombe kiangazi kizima wanatengeneza siagi na jibini, karibu yote yametupotea, misingi ya mawe unaiona kwenye majani, ila nani alikuwa anapaitaje, hakuna. Lakini majina ya fank, lile zizi la mawe la kukusanyia kondoo, yako hai mpaka kwa vijana wa miaka ishirini, kwa sababu kondoo bado wanashushwa.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kukimbilia maana. Nilishajifunza maneno kidogo, druim ni mgongo wa mlima, cnoc ni kilima, achadh ni shamba, tobar ni kisima au chemchemi, àirigh ni kibanda cha malishoni, nikiona jina tu naingia kwenye kamusi ya Kigaeli natoka na tafsiri. Kuna shamba linaitwa Gow's Park. Kwanza hilo neno park nililiandika kama bustani ya kupumzikia, kumbe kwa Kiskoti, ile lugha nyingine ya huku iliyo ndugu na Kiingereza, park ni shamba lililozungushiwa ukuta. Alafu Gow, kamusi inasema gobha, mhunzi. Nikaandika kwa kujiamini kabisa, shamba la mhunzi, huenda palikuwa na karakana. Ikaingia kwenye orodha ya kikundi, mtu akaisoma kwenye mkutano. Yule mzee wa smiddy, ambaye kwa kweli ndiye mwalimu wangu kwenye haya yote, aliposomewa akatikisa kichwa. Gow ni jina la ukoo. Ni kweli kwamba ukoo wenyewe jina lao linatokana na neno la mhunzi, na ni jina la kawaida sana Perthshire, hata Niel Gow yule mpiga fidla maarufu wa karne ya 18 alikuwa wa Inver karibu na Dunkeld. Lakini kwenye lile shamba hakujawahi kuwa na mhunzi, kulikuwa na familia ya kina Gow waliolipanga enzi za babu yake. Mi nilikuwa nimeshajenga karakana nzima kutoka kwenye kamusi.

Sasa naandika kwanza kilichosemwa, jinsi kilivyosemwa, na nani kasema. Maana inakaa kwenye safu ya mwisho, na mara nyingi naiacha wazi.

Na kwenye hilo la jinsi kilivyosemwa, Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Kiingereza kuandika na kutamka ni vitu viwili tofauti, na huku ndio imezidi, kuna Ruthven na watu wanasema Rivin, kuna Glamis wanasema Glams. Wenzangu kwenye kikundi walikuwa wanahangaika kuandika matamshi, kila mtu na namna yake, mwaka ujao mtu hakumbuki alimaanisha nini. Mi nilikuwa naandika kwa Kiswahili tu. Irabu zetu tano haziyumbi, ukiandika a ni a. Na ile sauti ya mwisho kwenye loch, ambayo watu wengi wa kusini ya Uingereza inawashinda wanasema lok, sisi watu wa pwani tunayo tangu madrasa, ni kh ya Khamisi na ya kheri. Nilipomtamkia yule mzee jina la kilima chao kwa kh yake aliweka kikombe chini akaniangalia. Akasema hajasikia mgeni akilisema hivo. Sasa safu ya matamshi kwenye orodha yetu iko kwa herufi za Kiswahili, na pembeni kuna rekodi ya sauti ya mwenyewe kwenye simu, maana herufi zozote zile zina mwisho wake.

Yule mzee hakujua Kigaeli. Bibi yake alikijua, alikuwa anasali kwa Kigaeli, lakini kwa watoto hakukipitisha. Sheria ya elimu ya 1872 iliyoleta shule za lazima Uskoti haikukitaja Kigaeli kabisa, watoto wakasomeshwa kwa Kiingereza, wazazi wakaona lugha ya nyumbani inamchelewesha mtoto. Kwa hiyo mzee alibaki na mamia ya maneno ya lugha asiyoijua, yote ni majina ya vilima na vijito, anayatamka kama bibi yake alivyoyatamka, anayatumia kila siku kumwelekeza mbwa wake. Hilo jambo huwa linanigusa sana. Mama yangu alikuwa ana maneno ya Kisambaa ya namna hiyo na mi sikumuuliza, nilikuwa na haraka ya kwenda Dar.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu liliumiza kazi ya mtu. Mzee aliniambia kuhusu chemchemi isiyokauka, ina jina linaloanzia na tobar, akanionyesha kwa kidole kupitia dirisha la jikoni. Alisema iko chini ya ukuta. Mi nikaangalia mlima nikaelewa chini kuwa ni kwenye mteremko, nikaweka alama kwenye ramani ya simu nikaenda zangu. Kiangazi kilipokuja kikavu, kijana mmoja mchunga kondoo akaiona kwenye orodha yetu, akapanda na mabomba yake akatafuta nusu siku, hakuna maji. Hakunilaumu, aliniambia tu, ila nilitamani ardhi ipasuke. Chini, kwa watu wa bonde hili, ni kuelekea mto unakotiririkia. Chini ya ukuta maana yake ni mbele ya ukuta ukifuata bonde, hata kama unapanda. Tukamchukua mzee kwenye Land Rover mpaka geti la juu, kutembea alikuwa hawezi tena, akakaa na kuelekeza kwa fimbo, kushoto, kushoto tena, hapo penye matete. Kulikuwa na jiwe bapa limefunikwa na majani, chini yake maji baridi yanasukuma mchanga. Karibu mita mia nne kutoka kwenye alama yangu.

Tangu hapo kila jina lina safu inayosema nimefika mwenyewe au nimeambiwa tu. Ukikuta nimeambiwa tu usipande na mabomba.

Mwaka jana Mei nilikwenda Fortingall na Glen Lyon, sio mbali na hapa. Fortingall kuna ule mti wa myuu, yew kwa Kiingereza, ndani ya uwanja wa kanisa, unahesabiwa kuwa kati ya miti mizee kuliko yote Uingereza nzima, na nje kidogo shambani kuna kilima kinaitwa Càrn nam Marbh, rundo la mawe la wafu, wanasema ndipo walipozikwa waliokufa kwa tauni karne ya 14, na bibi mmoja mzee ndiye aliyekuwa anawavuta kwa farasi mweupe. Lakini mi nilichotaka hasa ni kilicho mwisho wa bonde, zaidi ya bwawa la Lubreoch la umeme lililojengwa miaka ya 1950 na kuinua maji ya Loch Lyon. Kule juu kuna kibanda kidogo sana cha mawe kinaitwa Tigh nam Bodach, nyumba ya wazee, na bonde lake ni Gleann Cailliche, bonde la bibi kizee. Ndani kuna mawe ya mtoni yenye umbo kama la watu, bibi, mzee wake na watoto. Mwezi wa tano yanatolewa nje, mwezi wa kumi na moja yanarudishwa ndani yafungiwe kwa ajili ya baridi, na desturi hiyo imetunzwa na wachunga kondoo na watu wa bonde hilo kizazi kwa kizazi. Nilitembea masaa mengi mvua usoni. Nilipofika walikuwa nje wamekaa mbele ya nyumba yao wanaangalia bonde. Nikawaamkia shikamoo, sikuona kingine cha kusema.

Yule mzee alifariki Oktoba. Binti yake anaishi Glasgow, nilishawahi kumuuliza mara mbili tatu na kila mara jibu lake lilikuwa kwamba yeye aliondoka mapema, hakuwahi kuyajua hayo majina ya baba, na hata alionekana kuona aibu kidogo. Siku ya mazishi watu walikuja wengi kuliko barabara ilivyoweza kubeba, magari yamejazana mpaka kwenye daraja, kijana wa duka la mazishi anauliza haya yaende wapi. Binti alikuwa amesimama mlangoni na koti jeusi, macho mekundu, akasema bila hata kugeuka, "Wapeleke Gow's, ila wasipite upande wa stank, kunazama."

Gow's nilikuwa nayo. Stank sikuwa nayo, ni neno la Kiskoti la shimo la maji lililotuama, na upande wa chini wa lile shamba kweli kuna mahali pana unyevu mwaka mzima. Jioni watu walipoondoka nilimuomba ruhusa, akakubali, tukatembea wote wawili na mabuti ya baba yake miguuni kwake mpaka pale tukasimama. Nikaweka alama, nikaandika nimefika mwenyewe, na kwenye safu ya aliyesema nikaandika jina lake, na kwenye mstari wa Gow's Park, pale lilipokuwa jina la baba yake peke yake, nikaongeza lake chini yake.